Risasi Yenye Mwenyewe

Kiswahili hakijisumbui kutofautisha. Risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Kwa mvuvi wa hapa Lamu, kipande cha risasi ni chubwi: anakifunga kwenye mshipi, kinazama, kinampa samaki. Kwa fundi wa betri ni mali ya kuuza kwa kilo. Kwa askari ni kitu kingine kabisa. Madini ni yale yale, jina ni lile lile, kinachobadilika ni umbo. Basi swali langu ni hili: yule anayelipa hilo umbo, yule anayeigeuza risasi ikawa risasi, anabeba nini?

Siulizi kuhusu anayevuta kitufe cha bunduki. Huyo tumemjadili sana, misikitini, makanisani na mahakamani. Namuuliza fundi.

Kuna watu wanaotengeneza risasi zao wenyewe nyumbani, na wengi wao si majambazi. Marekani ni jambo la kawaida. Mwaka 1943 bwana mmoja wa Oroville, California, Fred Huntington, alianza kutengeneza kifaa cha kukandamiza risasi kwa ajili ya wawindaji wa wanyama wadogo wanaochimba mashimo mashambani. Koti la shaba la nje lilitokana na maganda ya risasi ndogo zilizokwisha kutumika. Herufi za kampuni yake, RCBS, mpaka leo zinabeba jina la kifaa hicho. Walioifuata njia hiyo hujichongea kalibu zao za chuma cha pua, wanapima hadi sehemu ndogo ya unywele, na wanazungumzia kazi hiyo kama vile fundi wa Lamu anavyozungumzia mlango wa nakshi. Naielewa raha yao. Mkono unapotii jicho, mtu hujisikia mzima.

Lakini umbo moja la kazi halina maana moja kila mahali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, wako wahunzi wa vijijini wanaotengeneza magobore, na polisi hawachoki kuwatangazia watu wayasalimishe kwa hiari. Sasa mchukue kijana wa Manda, umpe kalibu ile ile ya yule mstaafu wa California. Mstaafu ana hobi. Kijana ana kesi ya ugaidi. Ningeweza kuandika makala nzima kuhusu hilo, na vijana wa Pwani mngenipigia makofi. Ila malalamiko hayo, hata yakiwa ya haki, yanaturuhusu kukwepa swali. Wote wawili wakiachwa huru, bado kila mmoja ana kitu mkononi, na kitu hicho kitakwenda mahali.

Manda Maweni kuna machimbo ya mawe ya matumbawe. Watu wanakata matofali kwa mikono, jua la saa sita likiwapiga mgongoni, na jioni majahazi yanayavusha kwenda kujenga Lamu na Shela. Kazi hiyo inakula vyuma. Kwa hiyo kuna fundi mmoja anayenoa sululu na kuchonga tindo, na mimi, tangu niache chuo mwaka wa pili na kuanza kuishi kwa kuandika, huwa napenda kwenda kukaa pale kwake. Siku moja alifika mteja na kipande cha chuma kigumu na mchoro kwenye karatasi. Alitaka tundu moja lichongwe laini kabisa, kwa vipimo alivyoandika, na alikuwa tayari kulipa kuliko tindo za wiki nzima.

Fundi akamuuliza, "Ya nini?"

Mteja akacheka. "We toboa tu, mzee."

Akamrudishia chuma chake. Yule bwana alipoondoka nikamwambia, "Lakini ami, huenda ilikuwa ni pampu tu. Umejuaje kuwa ni kitu kibaya?"

"Sijajua," akasema. "Ndiyo maana nimeuliza."

Mpaka leo sijui kile kipande kilikuwa cha nini, na pengine kweli kilikuwa cha pampu. Ninachojua ni kwamba fundi alikosa pesa wakati ambao karo ya mtoto wake ilikuwa inadaiwa, na sikumsikia akijisifu. Kwake kuuliza ni sehemu ya kazi, kama kupasha chuma moto kabla ya kukigonga.

Mtasema: kisu nacho kinaua, mbona anayefua visu hatumuulizi? Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana. Tukimbebesha fundi kila kitakachotendwa na kila mteja, hakuna atakayefua hata jembe. Lakini vitu havilingani kwa wingi wa safari. Kisu kina safari mia: samaki, kamba, embe, kitunguu, na mara chache sana, mtu. Risasi haina safari mia. Ina shabaha ya mazoezi, mnyama na binadamu. Kadiri safari za kitu zinavyopungua, ndivyo haki ya fundi ya kusema "sikujua" inavyopungua.

Na hapa ndipo linapotujia sisi sote. Kwa sababu risasi nyingi duniani hazitoki kwenye kibanda cha mtu. Zinatoka viwandani. Kenya ina chake Eldoret, chini ya shirika la serikali lililoundwa mwaka 1997. Pale mmoja anahudumia mashine, mwingine anapima, mwingine anapaki, mwingine anaandika hesabu, na jioni wote wanarudi nyumbani kula ugali na watoto. Ukimuuliza yeyote kati yao, atakwambia kwa ukweli kabisa kwamba yeye hajatengeneza risasi. Ametengeneza sehemu ya kazi. Hannah Arendt aliuita urasimu utawala wa hakuna mtu: kila kitu kinatendeka, na hakuna wa kumwendea.

Si lazima hata kuwe na bunduki. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasumisha wakazi kwa risasi hiyo hiyo, ile ya madini, kupitia hewa, maji na udongo. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Miaka yote hiyo swali kubwa lilikuwa ni nani hasa mwenye kosa: mwenye kiwanda, aliyetoa kibali, au aliyepaswa kukagua. Risasi ilikwisha kuingia kwenye damu ya watoto, na bado ilikuwa inatafutwa baba.

Sisi wa huku tunazijua risasi zisizo na baba. Juni 2014 Mpeketoni, watu zaidi ya hamsini waliuawa. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, ng'ambo upande wa Magogoni, na Wamarekani watatu wakafa. Baada ya kila tukio tuliuliza nani alipiga, nani aliwaficha, nani alizembea. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ni mikono ya nani ilizifunga zile risasi kwenye maboksi, katika nchi gani, siku gani. Swali lenyewe linasikika la kijinga, na hiyo ndiyo kazi ya kiwanda: kulifanya swali lisikike la kijinga.

Mikhail Kalashnikov hakuweza kulikwepa, kwa kuwa bunduki ilibeba jina lake. Maisha yake yote alisema wa kulaumiwa ni wanasiasa. Kisha, akiwa na miaka zaidi ya tisini, alimwandikia mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi akimuuliza kama yeye anabeba hatia kwa waliouawa. Maelfu waliofanya kazi kwenye viwanda vile hawakuandika barua kama hiyo. Hawakuwa watu wabaya kuliko yeye. Majina yao tu hayakuwa kwenye chuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayetengeneza risasi nyumbani si msafi kuliko kiwanda, lakini yuko wazi kuliko kiwanda. Risasi yake ina mwenyewe. Hana meneja wa kumsukumia, hana idara, hana zamu ya usiku. Mzigo wake ni mzima, na kuutazama ule mzigo mzima kunatufundisha kitu kuhusu ule uliogawanywa. Tunadhani hatia ni kama deni, kwamba watu mia wakilichanga kila mmoja anabaki na senti. Damu haichangwi hivyo. Waliomshika mtu mikono na aliyemchoma hawagawani robo robo.

Sasa msinielewe vibaya, si kwamba natamani nchi isiyo na risasi hata moja. Ninalala Lamu kwa sababu kuna askari wanaokesha, na hawakeshi na fimbo. Nikilikubali hilo, basi nami nimo kwenye ule mstari wa kiwanda. Kodi ya kila bando ninalonunua ina senti yake Eldoret. Siwezi kumwona fundi wa kibandani kama mhalifu na kujiona mimi kama mtazamaji.

Ninachoweza kufanya ni kile alichofanya yule mzee na kile chuma. Kuuliza ya nini, kabla na si baada, na kukubali kuonekana mjinga. Risasi ngapi, kwa ajili ya nani, na zinapompata asiyestahili, je, kuna mtu mwenye jina atakayejibu? Mhunzi wa Maweni aliuliza peke yake, kwa hasara yake. Sisi ni wengi na hasara yetu ni ndogo, kwa hiyo kisingizio chetu ni kidogo zaidi.