Soksi Zisizofuliwa

Huko Marekani wako watu wazima, wengine na vitambi vyao, wachezao softboli jioni baada ya kazi. Mchezo huu ulianza Chicago mwaka 1887, ndani ya nyumba. Mpira ulikuwa glavu ya ngumi iliyofungwa kamba, na gongo lilikuwa mpini wa ufagio. Hawalipwi kitu. Hata hivyo, michezo ya mwisho ya kumtafuta mshindi ikaribiapo, mmoja hakubali kufua soksi alizovaa siku ya ushindi, na mwingine hakanyagi mstari wa chokaa.

Tusiwacheke upesi. George Gmelch, aliyecheza besiboli kabla ya kuwa mtaalamu wa desturi za watu, aliandika mwaka 1971 ya kuwa miiko hii huwaandama warushaji na wapigaji, wala si wadakaji. Mdakaji hukosa mara chache. Mpigaji hodari wa besiboli hukosa mara 7 katika 10. Ndivyo Malinowski alivyoona kwa wavuvi wa Trobriand: katika maji matulivu ya ndani hawakutumia uganga, ila katika bahari kuu.

Basi twauliza, je, soksi zile ni tumaini? Twaona sivyo. Azitunzaye anaogopa, mkewe akizifua, amekwisha kufa moyo kabla mpira haujarushwa. Bali atumainiye huweza kupoteza soksi, na mchezo, na mwaka mzima, kisha akaja tena uwanjani. Na ajabu ni hii: mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja. Mwenye soksi alishindwa mwaka jana, naye amekuja.