Dhoruba Haina Ofisi

Kimbunga Beryl kilitua kwenye pwani ya Texas alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024, karibu na Matagorda, kikiwa cha daraja la kwanza, yaani la chini kabisa katika vipimo vya vimbunga. Siku hiyohiyo wateja zaidi ya milioni 2.2 wa CenterPoint Energy, kampuni inayomiliki nguzo na nyaya za Houston na viunga vyake, walijikuta hawana umeme. Julai ni kilele cha joto kule, na nyumba za mji ule zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Wako waliokufa kwa joto majumbani mwao. Iko mitaa iliyokaa gizani zaidi ya wiki, na watu wakapandwa na ghadhabu ambayo viongozi wa jimbo hawakuweza kujifanya hawaioni.

Hakuna aliyekikasirikia kimbunga. Dhoruba haina ofisi, haina dirisha la malalamiko, haina mkurugenzi wa kuitwa mbele ya tume. Ikipita imepita, na mtu anayeufokea upepo tunamwonea huruma au tunamcheka. Hasira humtafuta yule ambaye angeweza kutenda vingine. Ikimkosa, hugeuka huzuni, au dua.

Judith Shklar, mwanafalsafa wa siasa aliyezaliwa Riga na kuikimbia Ulaya akiwa bado msichana, aliandika kitabu kizima kuhusu mpaka huu, The Faces of Injustice, mwaka 1990. Ni lini tukio ni msiba, na ni lini ni dhuluma? Anavyoona yeye, mpaka wenyewe hautulii mahali pamoja, na kwa kawaida wanaouchora si wale walioumia. Wenye madaraka hulipenda sana neno msiba, kwa sababu msiba hutakiwa pole tu. Rousseau alikuwa ameligusa jambo hili zamani. Baada ya tetemeko lililoiangusha Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, alimwandikia Voltaire akimkumbusha kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba.

Houston nayo ilikuwa na ghorofa zake. Miti iliangushwa na upepo, sawa, lakini matawi yalikuwa yameachwa miaka mingapi yakiinamia laini? Baada ya baridi kali ya Februari 2021 kampuni ilikodi jenereta kwa gharama ya dola milioni 800 hivi, gharama iliyoingizwa kwenye bili za wateja. Kimbunga kilipokuja, zile kubwa hazikutumika, kwa kuwa hazikuwa mashine za kuhamishwa haraka kutoka mtaa hadi mtaa. Halafu ikaja habari ya ramani. Ramani ya mtandaoni ya kuonyesha ni wapi umeme umekatika ilikuwa imeondolewa tangu Mei, baada ya kuelemewa katika dhoruba ya tarehe 16 mwezi huo. Basi wakazi wa Houston, mji ulioongoza safari za wanaanga kwenda mwezini, wakafungua programu ya Whataburger, mikahawa inayouza baga, wakatazama matawi yapi yako wazi na yapi yamefungwa, na kutokana na hayo wakakisia mtaa gani una umeme.

Watu walilicheka jambo hilo. Mimi naliona kuwa ndilo kiini cha kisa kizima, kwa sababu ramani ile ya baga isingeweza kumrudishia mtu yeyote umeme hata dakika moja mapema. Aliyeitafuta alitaka kitu kingine. Anayejua kwamba atakaa gizani siku sita anaweza kumpeleka mama yake mzee kwa ndugu, akatafuta barafu ya kuhifadhia insulini, akagawa nyama ya kwenye friza kabla haijaoza. Anayeambiwa tu kwamba suala lake linashughulikiwa hawezi kupanga hata chakula cha usiku. Aristotle, katika kitabu chake cha balagha, anaieleza hasira kuwa ni hamu ya kulipiza, iliyochanganyika na uchungu wa kudharauliwa na mtu asiye na haki ya kukudharau. Giza haliwezi kumdharau mtu. Kuachwa gizani bila neno, na aliyekuacha anajua namba ya mita yako na tarehe ya bili yako, hapo dharau imepata mwenyewe.

Mtu atasema: kazi hii ina utaratibu wake, na wenye hasira hawaujui. Kweli, na inafaa tuutazame. Kwanza hurekebishwa njia kuu za msongo mkubwa na vituo vya kupozea umeme, maana bila hivyo hakuna kingine kitakachowaka. Hufuata laini kubwa za mitaa, hasa zile zenye hospitali na mitambo ya maji. Kisha matawi ya laini, ukianza na lile litakalowasha nyumba nyingi kwa mpigo mmoja. Mwisho kabisa ni waya unaoingia katika nyumba moja moja. Ndiyo maana gari la mafundi hupita mbele ya mlango wako bila kusimama, na jirani wa ng'ambo ya barabara, anayelishwa na laini nyingine, anawasha taa huku wewe unapepea kwa gazeti.

Ukiniuliza kama utaratibu huo ni wa haki, nitasema ndiyo. Sijui mwingine ulio bora. Lakini tazama unamwambia nini mtu wa mwisho. Unamwambia kwamba anangoja kwa sababu ya uchache wake: angekuwa na majirani wengi zaidi, angekuwa na umeme jana. Hesabu ni sahihi, naye ndiye anayeilipa kwa jasho lake ili wengine mia nne wapate usingizi. Anayelipa kwa ajili ya wengine anastahili walau kujua kwamba analipa, analipa kiasi gani, na nani aliyepanga. Hapa ndipo ninapotofautiana na wahandisi wanaodhani kwamba uamuzi ukishakuwa sahihi, hasira dhidi yake ni ujinga. Uamuzi unaweza kuwa sahihi na bado ukamwacha mtu akidai, kwa haki kabisa, maelezo ambayo hajapewa.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme baada ya hitilafu katika njia inayouleta kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena, safari hii miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, ndoo zikarudi vichwani, wenye mahoteli wakawasha jenereta. Mchumi Alfredo Burlando alikuja kuonyesha kwamba baada ya giza la 2008 uzito wa watoto waliozaliwa ulishuka, na kwamba miezi tisa baadaye uzazi uliongezeka, jambo ambalo wazee wa barazani wasingehitaji mchumi awaambie.

Miezi mitatu! Houston ilichemka ndani ya siku tatu. Manung'uniko yalikuwepo Unguja, ila mgeni mwenye kulinganisha angerudi kwao akiisifu subira ya Wazanzibari, nasi huzipokea sifa hizo kwa furaha. Mimi nazishuku. Katika maelezo yaleyale Aristotle ameongeza jambo ambalo wengi hulipita: kwamba hasira hubeba ndani yake tumaini, na mtu hamkasirikii yule ambaye haoni njia yoyote ya kumfikia. Aliyeahidiwa umeme saa zote, akaulipia, akaambiwa kwamba yupo mdhibiti wa kusikiliza malalamiko yake, ana kila sababu ya kufura siku ya tatu. Ambaye kwake umeme umekuwa kama mgeni, hujui atakuja lini wala ataaga lini, hutafuta kibatari. Kimya chake kinaweza kuwa subira. Kinaweza pia kuwa hesabu iliyofungwa zamani, ya mtu aliyeacha kutarajia kujibiwa.

Kwa hiyo naipinga busara inayosema kwamba jamii yenye hasira ni jamii iliyoharibika tabia. Kumfokea aliyeshindwa kutimiza neno lake ni kumchukulia bado kuwa mtu wa kutimiza neno.

Lakini ghadhabu hii ina tabia mbaya moja. Humwangukia aliye karibu. Katika siku zile za Julai kulikuwa na vitisho dhidi ya mafundi waliokuwa wakirudisha umeme Houston, na wengi wa mafundi waliokuja kusaidia walitoka majimbo mengine. Hawakuwa wameikodi jenereta hata moja wala kuiondoa ramani yoyote. Kampuni haina uso, fundi anao, na anavaa kofia inayoonekana toka mbali. Nisingependa kuitetea hasira ya namna hiyo kwa kisingizio cha dhuluma kubwa zaidi. Aliyekosea anuani ya hasira yake amemdhulumu mtu, na yule aliyestahili kuipokea amelala salama.

Wako pia wasiokasirika kwa sababu nyingine kabisa. Albert Hirschman, mchumi, alipoandika mwaka 1970 juu ya kutoka na kupaza sauti, alianza kwa kushangazwa na reli ya Nigeria: ilizorota na isirekebike, ingawa malori yaliipa ushindani mkali. Aligundua kwamba wateja ambao kelele zao zingesikika ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Jenereta ya uani hufanya kazi hiyohiyo. Mwenye uwezo anaponunua umeme wake binafsi, shirika humpoteza mlalamikaji wake hatari zaidi, na foleni ya hasira hubaki na watu ambao simu zao hazipokelewi. Katika sehemu kubwa ya Texas mwananchi anaweza kuchagua muuzaji wa umeme kati ya kampuni nyingi. Waya unaofika kwake una mmiliki mmoja tu, na hilo wengi hulitambua nguzo inapolala barabarani.

Houston ilipata kitu: mkuu wa kampuni aliomba radhi mbele ya tume ya jimbo kabla ya Julai kwisha, na ramani mpya ikawekwa. Unguja ilipata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013, kwa fedha za Marekani. Mkataba wa fedha hizo ulitiwa saini Februari 2008, miezi mitatu kabla ya giza la kwanza, kwa hiyo waya huo hauwezi kuhesabiwa kuwa tunda la hasira ya mtu yeyote, wala malipo ya subira yake.