Tangi la Mjomba

Paliondokea kijana wa kidato cha sita, mchepuo wa PCM, aliyekwenda kula likizo kwa mjomba wake huko Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru. Mjomba alikuwa na bustani ya nyanya, na kando yake alikuwa amechimba tangi la umbo la koni, ncha chini na mdomo juu, akalisakafia kwa saruji. Kina chake mita 3, upana wa mdomo nao mita 3. Pampu waliikodi yeye na jirani, wakawa wanaitumia kwa zamu. Ilisukuma lita 200 kwa dakika, yaani mita za ujazo 0.2.

Siku ya kisa chetu jirani aliwahi kuifuata, na bodaboda wa kuibeba alikuwa ameshafika. Mjomba akachovya mti wake wa kupimia, akaona maji yamefika mita 2.

"Mjomba," akamwita mpwa wake, "wewe ndiye msomi wetu. Bado muda gani lijae?"

Kijana akafungua daftari, akaandika, akakata, akabonyeza simu. "Dakika tano na kidogo, mjomba."

"Una hakika?"

"Hii ni kalkulasi."

Mjomba akamwambia jirani asubiri dakika sita kisha achukue pampu. Dakika sita zikaisha. Mti wa kupimia ukaonyesha maji yamepanda kama sentimeta 33 tu, na tangi la lita 7,000 lilikuwa na lita 3,300 hivi. Lakini ahadi ni deni, na pampu ikapakiwa. Wiki ile nyanya zilinyweshwa nusu nusu.

Tulifungue lile daftari. Kijana alianza vizuri kwa kanuni ya ujazo wa koni, V = ⅓πr²h, ambapo h ni kina cha maji na r ni nusu ya upana wa uso wake. Kwa kuwa tangi ni pana sawa na kina chake, r daima ni nusu ya h. Kina kilikuwa 2, basi r ilikuwa 1. Akaipachika ile 1 papo hapo, akabaki na V = ⅓πh. Ndipo akadiferenshieti, akapata kuwa 0.2 ni ⅓π mara kasi ya kupanda kwa maji. Jibu: sentimeta 19 kwa dakika. Mita moja iliyobaki ukiigawa kwa 19, unapata dakika tano na ushei. Mwalimu akipitia mstari mmoja mmoja hataona kosa lolote la kuzidisha wala kugawanya.

Kosa ni kuiwahi namba. Ile 1 ilikuwa kweli kwa nukta ile moja tu, kwa maana kila maji yanapopanda uso wake hutanuka. Alipoiandika kabla ya kudiferenshieti, aliugandisha uso wa maji, na hesabu ikamtii. Alichotakiwa kuingiza mapema ni lile lisilobadilika, yaani uhusiano wa r na h, ambao kuta zilizonyooka zinaulinda kuanzia nchani hadi mdomoni. Ukiweka r = h/2 unapata V = πh³/12. Ukidiferenshieti, kasi ya ujazo inakuwa πh²/4 mara kasi ya kina. Sasa ndipo 2 inaruhusiwa kuingia, na jibu ni sentimeta 6.4 kwa dakika, theluthi kamili ya lile la kijana.

Maswali ya namna hii yana umri. William Ritchie, profesa wa London, aliyatumia katika kitabu chake cha kalkulasi cha mwaka 1836, akitaka wanafunzi wa kawaida waielewe hesabu hii kupitia vitu vinavyokua na kusogea. Mojawapo linahusu mraba ambao upande wake unakua futi 3 kwa sekunde, nawe unaulizwa eneo linakua kwa kasi gani upande ukifika futi 10. Jibu ni futi za mraba 60 kwa sekunde. Ukiiwahi ile 10, eneo linakuwa 100, na 100 haikui, basi unapata sifuri. Hapo hata mvivu anashtuka. Koni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inakupa jibu lenye sura ya jibu, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kufundishwa kwanza.

Na kulikuwa na njia ya kumkamata kijana bila kalkulasi. Kwa nukta yoyote, maji yanayoingia yanatandazwa juu ya uso uliopo. Pale kwenye mita 2, uso ni duara lenye eneo la mita za mraba 3.14. Tandaza 0.2 juu ya 3.14, unapata sentimeta 6.4. Fanya vivyo hivyo kwenye kina cha mita 1, utapata zaidi ya sentimeta 25 kwa dakika, na mdomoni kabisa hazifiki 3. Mjomba alikuwa amekaa pale tangu pampu ilipowashwa, akiona mti unavyolowa haraka mwanzoni na taratibu baadaye. Hakuulizwa.

Tuseme sasa kijana alipata 6.4. Angegawa mita moja kwa hiyo kasi, akasema dakika 16, na bado angekosa. Kasi aliyoitafuta ni ya nukta moja; dakika inayofuata imeshapungua.

Swali la mjomba halikuwa la kasi hata kidogo. Maji ya kina cha mita 2 katika tangi lile, ingawa yamefika theluthi mbili ya kina, ni lita 2,100 hivi, hazifiki hata theluthi moja ya ujazo. Zimebaki lita 4,970. Gawa kwa 200. Ni dakika 25 kasoro kidogo, hesabu ya darasa la saba, na jirani angeambiwa akanywe chai kwanza.