Maarifa ya Kampuni Hukaa Wapi?

Tunaposema kampuni fulani inaijua kazi yake, anayejua ni nani hasa? Wengi watajibu kwamba wanaojua ni wafanyakazi, na mengine yamo kwenye mafaili. Kiwanda cha magari cha Fremont, California, kinanifanya nilikatae jibu hilo.

General Motors (GM) ilikifunga mwaka 1982. Utoro ulikuwa umekithiri, hata siku ya kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano haonekani kazini. Gari lenye kasoro lilisukumwa mbele likarekebishwe baadaye, maana mstari wa kuunganishia magari haukuruhusiwa kusimama. Mwaka 1984 kiwanda kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Walioajiriwa wengi walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kile kile. Haukupita muda mrefu, magari yao yakakaribia ubora wa yale ya Japani.

Mikono ni ile ile. Basi ujuzi ulitoka wapi? Viongozi wa timu walipelekwa Japani wakafanya kazi bega kwa bega na wenzao, na hilo lilisaidia sana. Lakini mimi naitazama zaidi kamba iliyopita juu ya mstari. Fundi akiona bolti imekaa vibaya anaivuta kamba hiyo, taa inawaka, kiongozi wake anakuja kuuliza kuna nini. Wasipolitatua tatizo upesi, mstari unasimama. Hafokewi mtu. Chanzo kikijulikana, wafanyakazi wenyewe wanaandika upya namna ya kuifanya kazi ile, na alichokiona mmoja kinakuwa cha wote.

GM, kama mbia, iliyaona haya yote. Ilijaribu kuuhamishia utaratibu huo kwenye kiwanda chake cha Van Nuys, huko huko California. Wasimamizi na wafanyakazi hawakuaminiana, jaribio likakwama, nacho kikafungwa 1992. Kamba hununuliwa dukani. Uhakika wa fundi kwamba akiivuta hataadhibiwa haununuliki, na ndani ya uhakika huo, baina ya mtu na mtu, ndimo maarifa ya kampuni yanamokaa. Mkurugenzi anayenunua programu ya kutunza maarifa huku akimkaripia kila anayemletea habari mbaya atatunza yale tu yasiyomuudhi.

GM hatimaye ilijifunza, ila polepole mno. Ilifilisika Juni 2009, kwa sababu nyingi, ikiwa imekaa na mwalimu wake karibu robo karne.