HAKI YA JIRANI WA JUU NA WA CHINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada.

Ijulikane ya kuwa watu wengi wa pwani huenda bara kutafuta riziki, Shinyanga penye almasi ya Mwadui na Geita penye dhahabu. Huko hukaa nyumba moja na wasiojuana nao, na ugomvi huzuka kwa maji, taka na kelele za usiku.

Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nisaa, aya ya 36, ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano wa abiria wa chombo: walio chini walitaka kutoboa ubao wapate maji. Walio juu wakiwaachilia, wote wataghariki.

Majalla, iliyotungwa Istanbul katika karne ya 19, yaeleza kuwa wa juu ana haki ya kukaa juu ya wa chini, na wa chini ana haki ya kusitiriwa jua na mvua. Wala mmoja hafanyi lenye dhara kwa mwenziwe bila idhini yake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 juu ya kumiliki sehemu za jengo nayo yaelekea huko: ngazi na paa ni mali ya shirika, na kila mwenye sehemu huchangia matengenezo.

Basi aliyedhuriwa na aanze kwa upole, kisha wazee, ndipo baraza. Na mwenye kudhuru ajue: mpangaji huhama, bali dhuluma humfuata mwenyewe hata mbele ya Mola wake.

Wallahu aalam.