Ujira Usiotajwa

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kutaja ujira. Je, fundi akitaja bei ya kazi yake mbele ya jamaa au jirani, amekosa adabu? Na akinyamaza kwa haya, amefanya wema?

Lililonitia katika fikira hizi ni kijana mmoja niliyemsomesha chuoni. Siku hizi kazi yake ni kutengeneza tovuti, yaani zile kurasa za intaneti ambazo mwenye duka au nyumba ya wageni hutangazia biashara yake. Hakuajiriwa na mtu. Hujitafutia kazi mwenyewe. Mwaka jana nilimwomba aitengenezee madrasa yetu tovuti. Nikamwambia, "Wewe ni mwanangu, na hii ni kazi ya kheri." Akaitika, "Haya, maalim." Akafanya kazi wiki tatu, na jina la tovuti, ambalo hulipiwa kila mwaka, akalilipia kwa fedha zake. Baadaye nikasikia kuwa mwezi ule alishindwa kulipa kodi ya chumba. Yeye hakuniambia, wala mimi sikumwuliza.

Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mna mas'ala ya mtu anayempa fundi nguo amshonee, na ujira usitajwe. Kauli iliyotangulizwa ni kuwa fundi hana ujira wa kudai. Iko na kauli nyingine, kuwa akijulikana kwa kufanya kazi hiyo kwa malipo, basi anao. Nimeyasomesha hayo miaka mingi nikidhani yanamhusu mshoni tu, kumbe yananihusu na mimi. Huenda kadhi asinidai kitu. Lakini kutodaiwa ni jambo moja, na kuwa nimetenda uadilifu ni jambo jingine.

Basi nasaha yangu ya kwanza ni kwa fundi: taja. Haya ni pambo la Muislamu, lakini haya inayozaa kinyongo si haya tena, ni woga. Mafakihi wameshurutisha katika ijara kazi ijulikane na ujira ujulikane. Kwa hivyo sema kabla ya kuanza: kurasa ni ngapi, marekebisho ni mara ngapi, siku ni ngapi, nani atalipia jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi, na fedha kiasi gani zitangulie.

La pili, kiasi. Wengi hukisia bei kwa kumtazama uso mteja. Huko ni kubahatisha. Tuseme nyumba yako yataka shilingi 52,000 kwa mwezi, na umeme, intaneti na kompyuta vyala 13,000. Jumla ni 65,000. Ukizigawa kwa siku 26 utapata 2,500 kwa siku. Lakini nusu ya siku hizo hupita katika kutafuta kazi na kujifunza, na hakuna anayezilipia. Zilizobaki ni 13, na kila moja yataka 5,000. Kazi ya siku sita ni 30,000. Kuitaja bei hiyo si tamaa, ni hesabu.

La tatu, wateja. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli kwa embe lililowekwa sokoni, kila apitaye huliona. Ujuzi umo kichwani, haonekani mwenyewe hata aonyeshe. Basi nenda kwa mwenye duka, mwonyeshe ulizokwisha zitengeneza. Lakini usionyeshe kazi ya mwenzako ukasema yako; usiahidi kuwa tovuti yake itatokea ya kwanza kila mtu atafutapo, kwani hilo haliko mkononi mwako; wala usivunje kwa bei ya chini mapatano ambayo mwenzako amekwisha kuyafunga.

Utasema, "Na ihsani je?" Imam Ghazali, katika Ihya, ametenga mlango wa uadilifu na mlango wa ihsani katika muamala. Ihsani hujengwa juu ya uadilifu, haiwekwi mahali pake. Akija mama auzaye mahamri, mwambie, "Bei ni 30,000, nami kwako nitachukua 10,000." Hapo yeye anajua amepewa nini, nawe unajua umetoa nini. Kilichokamuliwa kwa haya si sadaka.

Nilimwendea yule kijana nikamwuliza kazi yake ilikuwa ya kiasi gani. Akainama, akasema, "Haidhuru, maalim." Nikamjibu, "Yanidhuru mimi." Ndipo akataja. Nikamrudishia kwanza fedha za jina la tovuti, na iliyobaki tukapatana ilipwe kwa miezi mitatu.

Nawe, ndugu msomaji, mkumbuke fundi aliyekufanyia kazi akakwambia haidhuru. Mwendee umwulize tena, nanyi mkiwa wawili peke yenu.

Wabillahi tawfiq.