KULA KATIKA MAHOTELI YA MATAIFA

Vijana wetu walioko Nairobi watuuliza juu ya kula katika mahoteli ya Wahabeshi, Wachina na Wajapani. Twaona wengi wao wamelipindua jambo hili. Utamwona kijana ameikataa injera kwa kuwa mpishi ni Mnasara, na hali injera ni mkate wa nafaka ya teff tu, na Mola katika Suratul Maida ametuhalalishia chakula cha watu wa Kitabu. Kisha kijana huyo huyo huingia kwa Mjapani, akaona kibao cha "halali" alichokiandika mwenye hoteli mwenyewe, akala bila ya kuuliza. Kuku kweli kachinjwa na Muislamu, lakini mchuzi umetiwa mirini, nayo ni mvinyo mtamu wa mchele wenye ulevi kiasi cha asilimia 14! (Wachina nao wana mvinyo wao wa kuondolea shombo ya samaki.) Husemwa ati moto huumaliza ulevi huo, twasema, hauumalizi wote. Basi mpishi asiulizwe kabila lake, aulizwe: umetia nini chunguni? Ama meza inayopitishwa ulevi, Mtume (S.A.W.) ametukataza kuikalia, hata ikiwa sahani yetu ni ya mboga tupu.